Mkaa wa nyama ya moshi: namna ya kuuchagua na kuuhifadhi nyumbani, Tabora

Siku ya pili ya Idd el Hajj hapa Tabora, nyama ndiyo inayomtafuta mtu. Umechinja wewe, jirani kachinja, shemeji wa Ipuli kaleta fungu lake, na friji ni ile ile ambayo nusu yake imejaa chupa za maji. Umeme nao una siku zake. Kwa hiyo nyama ninayoona haitaliwa mapema naipaka chumvi, naibanika kwa moshi kwenye pipa uani kwangu, Isevya.

Mwaka mmoja niliharibu paja zima la mbuzi. Nyama ilikuwa nzuri, chumvi ilikuwa sawa, hata kuni za mwembe nilizitafuta mapema. Kilichoniangusha ni mkaa. Gunia lilikuwa limekaa wiki tatu karibu na bomba linalovuja, moto ukakataa kushika, nami kwa haraka nikamimina mafuta ya taa. Mama mkwe alionja kipande, akatafuna taratibu, akakiweka pembeni ya sahani kwa adabu zote. "Mkwe wangu," akaniambia, "hii nyama umeibanika nyumbani au gereji?"

Tangu siku hiyo mkaa naununua kama ninavyonunua mchele: naupindua, naunusa, naubana, namuuliza muuzaji maswali mpaka anichoke. Ninayoyaandika hapa ni utaratibu ninaoufuata, kuanzia kwa muuzaji mpaka siku ya kuwasha pipa.

Hatua ya kwanza: ujue mkaa unafanya kazi gani

Watu wengi wanadhani moshi wa kubanikia unatoka kwenye mkaa. Hapana. Mkaa ulioiva vizuri karibu hautoi moshi. Kazi yake ni joto: joto la taratibu, lisiloyumba, la saa nne au tano. Moshi wenye ladha unatoka kwenye vipande vichache vya kuni kavu unavyoviweka juu ya makaa. Ukiona mkaa wenyewe unafuka, huo si moshi wa kuutaka.

Sababu iko porini, kwenye tanuri. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyachoma kwa hewa kidogo sana. Kwanza yanatoka maji, halafu gesi na lami ya mti, na mwisho inabaki kaboni. Kwa mkaa mzuri, joto ndani ya tanuri linafika nyuzi 400 mpaka 500 za Selsiasi. Mwenye tanuri akiwa na haraka, akafukua kabla mambo hayajakamilika, lami inabaki ndani ya mkaa. Kwenye sufuria ya maharage hutaigundua, maana sufuria ina mfuniko na chakula hakigusani na moshi. Kwenye nyama ya moshi utaigundua kwa ulimi: ukali unaokwama kooni, na rangi nyeusi badala ya ile ya kahawia inayong'aa.

Kwa hiyo mkaa unaowafaa watu wa chai na maharage si lazima ukufae wewe.

Hatua ya pili: uliza mti

Sisi tuko katikati ya misitu ya miombo, na hiyo ni bahati. Mkaa wa mtundu na jamaa zake wa miombo ni mzito, unakaa na moto muda mrefu, na majivu yake ni machache. Mkaa wa migunga nao ni mgumu na mzuri. Mti mzito hutoa mkaa mzito. Mti mwepesi hutoa mkaa mwepesi. Mkaa wa mwembe, kwa mfano, unashika haraka lakini unaisha haraka pia. Kwangu mwembe ni mti wa moshi, si wa mkaa, na Tabora kwa miembe hatujapungukiwa.

Mkaa mwepesi usiutupe, lakini. Mfuko mdogo wa mkaa huo unasaidia sana kuwashia ule mgumu.

Mninga nao unaingia kwenye matanuri. Mimi nikiambiwa mkaa ni wa mninga naupita. Mti unaotoa kitanda cha kurithisha wajukuu kuuchoma ubanikie paja la mbuzi ni kufuru, hata kama moto wake ni mzuri. Kumbuka pia kwamba tanuri la udongo la kienyeji linahitaji kilo tano mpaka kumi za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Ukiutunza vizuri ulionao, umeokoa mti mahali.

Mkaa mbadala, ule wa kufinyangwa, uko wa aina nyingi. Uliotengenezwa kwa chenga za mkaa wa miti na kugandishwa kwa uji wa muhogo unafaa, tena joto lake halipandi na kushuka ovyo. Uliogandishwa kwa udongo mwingi unaacha majivu mengi yanayoziba hewa, lakini hauharibu nyama. Uliotengenezwa kwa makaa ya mawe uachie jiko la sufuria. Makaa ya mawe yana salfa, na moshi wake haupaswi kugusa chakula. Muuzaji asipojua umetengenezwa kwa nini, usinunue kwa kazi hii.

Hatua ya tatu: mkague mkaa, usimkague muuzaji

Muuzaji anaweza kuwa mcheshi na mkaa ukawa mbovu. Mimi huenda asubuhi, magunia yakiwa yamefika kutoka upande wa Sikonge au Uyui na jua halijawa kali. Mama ninayenunua kwake tumeshazoeana.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Leo unapika au unabanika?"

"Nabanika."

"Basi huo wa mbele acha. Njoo huku nyuma."

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua miaka miwili kuipata. Kama hujafika huko na muuzaji wako, fanya hivi.

Chukua vipande viwili vya ukubwa wa ngumi, uvigonganishe. Mkaa ulioiva unalia, mlio mwembamba kama wa vigae. Ambao haujaiva unatoa mlio wa kubuma, kama umegonga mti, kwa sababu ndani bado ni mti. Ulioloa nao hubuma, kwa hiyo usikate shauri kwa mlio peke yake.

Vunja kipande kimoja. Ulioiva unavunjika kwa mkato safi, ndani ni mweusi unaong'aa, na miviringo ya mti unaiona vizuri kabisa. Ukikuta rangi ya kahawia, nyuzi za mti, au kipande kinapinda kabla ya kukatika, hicho ni kijinga. Vijinga viwili vitatu kwenye gunia havina neno, utavitoa nyumbani. Ukikutana na kijinga kila unapoingiza mkono, rudisha kipande ulichoshika na uage kwa heshima.

Nusa. Mkaa mzuri hauna harufu. Harufu ya moshi wa zamani ni lami. Harufu ya mafuta ya taa, petroli au mbolea ina maana umesafiri au umelala na vitu hivyo, na mkaa una tabia ya kunyonya harufu na kuikaa nayo. Ukiuwasha, unairudisha yote kwenye nyama yako. Kosa hili halirekebishiki kwa kuuanika.

Pima kwa mkono. Hapa pana mtego: mkaa mzito unaweza kuwa mzito kwa sababu ni wa mti mgumu, au kwa sababu una maji. Uweke kipande shavuni. Ulioloa una ubaridi unaokaa, na vumbi lake linaganda kwenye vidole kama tope badala ya kupeperuka.

Mwisho, omba kuona chini ya gunia. Magunia mengi yanapangwa kama vitumbua vya biashara: vizuri juu. Vipande vikubwa vya kutamanisha mdomoni, katikati mchanganyiko, chini chenga na mchanga wa tanuri. Kwa jiko la chai chenga si tatizo kubwa. Kwenye pipa zinaziba njia ya hewa, moto unasinzia, na moto uliosinzia ndio unaotoa moshi mchafu. Muuzaji akikataa usiingize mkono, nunua debe moja kwanza, ukajaribu nyumbani. Gunia la lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu, lisikutie tamaa mpaka umejua tumboni mwake kuna nini.

Hatua ya nne: nunua kwa wakati wake na kwa kipimo chako

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Ninanunua mkaa wa mwaka kati ya Agosti na Oktoba. Wakati huo magogo yamekauka kabla ya kuchomwa, tanuri halijanyeshewa, na barabara za porini zinapitika. Mvua zikishaanza, unalipia maji kwa bei ya mkaa.

Kiasi gani? Kwa nyama ya kilo tano, kwenye pipa langu, natumia sado (kopo la lita nne hivi) tatu zilizojaa kwa saa nne mpaka tano. Sado moja ya mkaa mgumu ni kama kilo moja. Ukibanika mara moja kwa mwezi, gunia moja la kawaida linakutosha miezi mingi, kama hakuna mtu wa nyumbani anayeliibia kupikia chapati. (Kwangu yupo. Nimeacha kulalamika.)

Ukitaka kujua umeuziwa maji kiasi gani, pima kilo moja ya mkaa kwenye mizani, uuanike juu ya bati jua la kutwa, jioni upime tena. Ukipungua gramu 100, basi moja ya kumi ya fedha yako imepaa angani. Nilifanya hivyo mara moja nikiwa na muuzaji mpya, nikamwonyesha namba. Hakuzipenda, lakini safari iliyofuata aliniletea mkaa mkavu.

Ukinunua magunia mengi moja kwa moja porini na kuyabeba mwenyewe, hakikisha yana kibali na risiti za ushuru. Mkaa ni zao la misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inalihesabu hivyo. Kwenye kizuizi hakuna atakayekusikiliza ukisema ni wa kubanikia mbuzi wa sikukuu.

Hatua ya tano: usiuingize ndani siku hiyo hiyo

Mkaa uliotoka tanurini karibuni unaweza kuwa na moto ndani usiouona. Hata ukiwa umepoa kabisa, mkaa mpya unanyonya hewa na kwa kufanya hivyo unajitia joto. Ukirundikwa mwingi mahali pasipo na upepo, na hasa ukiwa na chenga nyingi, unaweza kuwaka wenyewe usiku. Uache nje, ulioenezwa, saa 24 kamili, mbali na ukuta wa mbao, nyasi na godoro lililoanikwa. Wachoma mkaa wenyewe wanalijua hili. Ukimsikia mtu anasema gunia lake "lilijichoma", hakurogwa.

Ukiwa umeutandaza hivyo, uchambue. Mimi nafanya mafungu matatu juu ya turubai. La kwanza ni vipande vya ukubwa wa ngumi, na hivi ndivyo vya kubanikia. Vikubwa kuliko hivyo navivunja, kwa sababu kipande kikubwa kinachelewa kushika, halafu kikishika kinapandisha joto ghafla. La pili ni vidogo kama limau, vya kuwashia na vya jiko la kila siku. La tatu ni chenga: zichekeche kutoa mchanga, zikusanye kwenye kiroba chake, na siku ukiwa na nafasi uzifinyange na uji wa muhogo. Vijinga, mawe na mabonge ya udongo vitoe kabisa. Jiwe dogo likipata moto linaweza kupasuka na kurusha makaa mpaka kwenye nyama.

Vaa kitambaa puani. Na angalia unapoweka mkono, gunia lililolala porini linaweza kuja na nge.

Hatua ya sita: pa kuuweka

Adui wa mkaa ni unyevu, harufu na moto, kwa mpangilio huo. Ukivizuia vitatu hivi, mkaa hauozi wala hauchachi. Unaweza kuukuta baada ya miaka kama ulivyouacha.

Unyevu unakuja kwa njia tatu na watu wengi wanaziba moja tu. Wanaangalia paa. Paa likiwa halivuji wanaona wamemaliza, wakati gunia limekaa moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, limeegemea ukuta. Saruji inapandisha unyevu kutoka ardhini polepole, na ukuta unaopigwa na mvua kwa nje unaupitisha ndani. Ukija kufungua gunia mwezi Februari, juu pakavu, chini pamelowa kama kitambaa cha vyombo. Kwa hiyo liinue. Chaga la mbao juu ya matofali mawili mawili linatosha, lipite hewa chini kiasi cha kiganja cha mkono. Kutoka ukutani acha nafasi kama hiyo.

Njia ya tatu ni hewa yenyewe. Mkaa una vitundu vidogo visivyohesabika, na msimu wa mvua unavuta unyevu hata bila kuguswa na tone la maji. Hapo ndipo ndoo yenye mfuniko inapofanya kazi. Magunia ya akiba yanakaa kwenye chaga, midomo imefungwa, juu yamefunikwa turubai lililolegea ili hewa ipite pembeni. Mkaa wa kutumia mwezi huo unakaa kwenye ndoo ya lita 20 ya mfuniko wa kubana. Ndoo ya rangi usitumie hata ukiiosha mara saba, itabaki na harufu. Tafuta iliyokuwa na mafuta ya kula.

Magunia ya sandarusi yanazuia matone, lakini yakishaloa ndani yanachelewa kukauka. Ya katani yanapumua vizuri, ila mchwa wa Tabora wanayapenda. Mkaa wenyewe mchwa hawali. Wanakula gunia, chaga, na vile vijinga ulivyoviacha kwa uvivu, na wakipita wanajenga vichuguu vya udongo ndani ya mkaa wako. Nimewahi kuinua gunia likabaki mdomo tu mkononi. Miguu ya matofali inasaidia, kwa sababu unaona njia yao ya udongo ikipanda na kuikwangua mapema. Usipulize dawa ya wadudu kwenye mkaa wala kwenye gunia lake. Ukumbuke unakwenda wapi.

Hilo linanileta kwenye harufu. Stoo zetu zinajulikana: mkaa, dumu la petroli ya bodaboda, mbolea, viuatilifu vya tumbaku, mafuta ya taa, vyote pamoja. Mkaa upe chumba chake au kona yake nje, chini ya kibanda. Kama stoo ni moja na huna ujanja, vitoe hivyo vingine. Vyenyewe pia havitakiwi kuwa karibu na kitu kinachowaka.

Usiuweke mkaa chumba cha kulala, wala chini ya ngazi ambako ndiyo njia ya kutokea nyumba ikishika moto. Na kwa kuwa tunazungumzia vyumba: Juni na Julai usiku wa Tabora unauma, na kuna watu wanaingiza jiko la mkaa ndani wapate joto. Mkaa unaowaka hata bila moshi unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua waliolala. Jiko halilali na watu. Pipa la kubanikia nalo linawashwa nje, si kwenye jiko la ndani lenye kadirisha kamoja.

Magunia yaandike mwezi kwa chaki, utumie la zamani kwanza.

Hatua ya saba: siku moja kabla ya kubanika

Toa kiasi utakachotumia na nusu yake ya ziada, uuanike juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hata mkaa uliohifadhiwa vizuri unafaidika. Kisha urudi kwenye ndoo na mfuniko, umande usije ukauchukua tena.

Andaa na kuni za moshi. Mwembe, mpera, mchungwa, mlimau: matawi yaliyokatwa miezi kadhaa nyuma, yakakauka, ukayabandua magome na kuyakata vipande vya urefu wa kidole. Magunzi ya mahindi makavu pia yanatoa moshi mtamu na hayana gharama. Usiziloweke kuni kwenye maji, ingawa utaambiwa hivyo na wengi. Kuni mbichi au iliyolowa inatoa mvuke kwanza na moshi mweupe mzito baadaye, na moshi huo ndio wenye uchungu.

Msonobari una utomvu unaotoa masizi, mkaratusi una mafuta makali, na mnyaa una utomvu wenye sumu. Vyote hivyo visiingie. Na takataka za kwa fundi seremala ziache huko huko. Ndani yake kuna plaiwudi, gundi, vanishi na mbao zilizopakwa dawa, na hakuna mtu wa kukuchambulia.

Kuhusu pipa, neno moja zito. Mkoa huu ni wa tumbaku, na mapipa yaliyobeba kemikali za shamba yanazunguka mtaani kwa bei ya kutupa. Usiyaguse, hata yakichomwa moto. Tafuta pipa lililobeba mafuta ya kula au asali, nalo ulichome tupu mara moja mpaka rangi ya ndani iishe. Wavu wa nyama usiwe wa kupakwa zinki kama ule wa banda la kuku; tumia nondo nyembamba au wavu wa chuma kitupu.

Hatua ya nane: kuwasha na kuendesha moto

Mafuta ya taa, mfuko wa plastiki na kipande cha tairi vyote vinawasha. Vyote pia utavila. Mimi natumia bati la sado lililotobolewa matundu chini na pembeni: karatasi chini, magunzi kidogo, mkaa mwepesi, juu ule mgumu. Ndani ya dakika 20 hivi bati hili dogo linakuwa limeshika lote. Ngoja mpaka vipande vipate ngozi ya majivu ya kijivu. Mweusi uliobaki maana yake bado kuna kitu cha kutoka ndani yake, na ukiweka nyama sasa kitatokea juu ya nyama.

Makaa yamimine upande mmoja wa pipa, nyama ikae upande mwingine, isikae juu yake. Mafuta yanayodondoka kwenye makaa yanatoa moshi mchafu wenye masizi yasiyofaa kwa afya. Weka sinia kuukuu chini ya nyama liyapokee. Juu ya makaa weka vipande viwili au vitatu vya mwembe. Viwili. Mtu mgeni anaweka kumi akidhani anaongeza ladha.

Angalia moshi unaotoka juu. Ukiwa mwembamba, wa rangi ya samawati kiasi kwamba unauona vizuri ukisimama kinyume na jua, uko sawa. Ukiwa mweupe na mzito kama wa nyumba ya nyasi, moto unakosa hewa: fungua tundu la chini kidogo, hakikisha majivu hayajaziba, na mfuniko wa juu uuache wazi kidogo. Kosa la kawaida ni kuziba juu ili "moshi usipotee". Moshi ukikosa pa kutokea unaganda kwenye nyama ukawa lami.

Joto ninalolitafuta ni nyuzi 100 mpaka 120 kwenye usawa wa nyama. Kama huna kipimajoto, weka kiganja hapo: ukiweza kuhesabu taratibu mpaka nane au kumi kabla ya kuutoa mkono, uko karibu. Ukitoka kwenye tatu, moto umezidi na unachoma, hubaniki. Kwa kuiva, hata hivyo, nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama; ng'ombe na mbuzi ninawafikisha nyuzi 71 katikati ya mnofu, kuku 74. Rangi ya nje inadanganya, kwa sababu moshi unapaka rangi hata nyama mbichi. Na nyama iliyobanikwa hivi ikiwa bado na majimaji ni nyama iliyopikwa tu: iweke kwenye baridi, uile ndani ya siku mbili tatu. Ya kukaa muda mrefu ni somo jingine, la vipande vyembamba, chumvi nyingi na kukausha mpaka ikatike kama kijiti.

Moto ukipungua, usitupie mkaa baridi juu ya makaa. Utafuka kwa dakika kumi na tano na kurudisha kila kitu nyuma. Kila baada ya saa moja hivi washa nusu sado pembeni kwenye bati lako, ukishaiva ndipo uuhamishe.

Nyama ikishatoka, ziba tundu la chini na la juu kabisa. Makaa yatakosa hewa na kuzima yenyewe. Maji usimwage, yanaharibu pipa na mkaa uliobaki. Asubuhi chekecha majivu, okota vipande vilivyosalia. Vinashika haraka lakini havidumu, kwa hiyo vinaingia kwenye fungu la kuwashia. Ila visirudi kwenye ndoo siku hiyo. Viache kwenye karai la chuma juu ya udongo mtupu mpaka kesho yake, uvipitishie kiganja kwa karibu, na kama hakuna hata dalili ya joto ndipo uvifunikie pamoja na wenzake.